Sweta Nyekundu Mbele ya Shoti

Mtaani walimwita Shoti kwa sababu alikuwa fundi umeme, na hata dada yake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa amelizoea jina hilo. Kila kiangazi Shoti alipakia baiskeli juu ya basi, akaenda milimani kupanda na kuteremka, kisha akarudi pua imebabuka, magoti yamechubuka, na maneno hayamwishi.

Mwaka mmoja aliunganisha nyaya vibaya kwenye nyumba mbili za watu. Daktari wa macho alimpima, akamwambia bila kuzunguka: mishipa ya macho inakufa, dawa hakuna. Kabla ya mwaka kwisha hataona kitu.

Shoti alitoka pale moja kwa moja hadi kwa dada. Dada alikuwa fundi cherehani, na chumba chake cha kazi kilijaa vipande vya vitambaa mpaka mlangoni. Aliondoa mguu kwenye pedali ya cherehani, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Sasa unataka nini?" aliuliza kwa ukali, maana machozi yalikuwa karibu.

"Nataka kwenda milimani, Dada. Peke yangu siwezi."

"Mimi na baiskeli wapi na wapi! Na makalio haya?"

"Hayo ndiyo yatakusaidia kuteremka."

Dada alimchapa na kipande cha kitambaa, wakacheka. Lakini alijifunza. Kila jioni alizunguka uwanja wa shule, Shoti akikimbia ubavuni mwake, ameshika kiti. Alianguka mtaroni, akaangukia michongoma, akainuka akimtukana daktari, baiskeli na aliyeibuni.

Milimani walipanga chumba kwenye nyumba ndogo ya wageni. Siku ya kwanza waliendesha kwenye barabara ya vumbi inayokata msitu. Dada alitangulia amevaa sweta nyekundu, kama Shoti alivyomwagiza, akaisukuma baiskeli zaidi kuliko alivyoiendesha. Nyuma yake Shoti aliimba na kumpigia kelele: "Punguza gia! Tulia kitini!" Dada akajiambia labda daktari alikosea.

Siku ya pili joto lilizidi. Dada alivua sweta, akaisokomeza mkobani, akaendelea. Hakufika mbali akasikia kishindo. Shoti alikuwa mtaroni, baiskeli imemlalia, gurudumu bado linazunguka.

"Umepita wapi?" aliuliza, akitazama upande ambao dada hakuwepo.

"Niko hapa."

"Rangi imepotea, Dada. Nilikuwa nafuata ile rangi."

Dada alipiga magoti, akamfuta damu kwenye kiwiko. "Hivi tangu lini?"

"Kabla hatujaja. Ningekwambia, ungekubali kuja?"

"Kwa hiyo milima yote hii..."

"Kama moshi tu."

Dada akaangua kilio pale barabarani, na aliyeumia ndiye akawa wa kumbembeleza.

Baiskeli waliziacha kwenye nyumba ya wageni. Kesho yake walipanda kwa miguu, mkono wa Shoti begani kwa dada. "Jiwe. Mzizi. Inua mguu. Hapo pumzika." Walifika juu wamechoka hoi, upepo ukiwapiga usoni.

"Haya, nisimulie," Shoti alisema.

Dada, ambaye kutwa hukaa na wateja wakipiga soga, aliishiwa maneno. "Kuna milima. Nyuma yake kuna milima mingine."

"Mshonaji mzima! Rangi je?"

Akatazama upya, taratibu. "Wa karibu ni kijani, kama sare ya shule iliyofuliwa sana. Unaofuata ni buluu, kama bitana ya koti. Wa mwisho kabisa... sijawahi kuletewa kitambaa cha rangi hiyo."

Shoti alitikisa kichwa kukubali. Halafu akamwomba amwache kidogo. Dada alisogea, lakini si mbali kiasi cha kushindwa kumdaka, akamwona akilia bila sauti, uso ameuelekeza kwenye upepo.

Mvua zilipoanza, giza lilikuwa limekamilika. Shoti alihamia kwa dada. Alijaribu kurudia kazi kwa kupapasa, umeme ukamrusha chini, akagawa vifaa vyake. Utani ukamkauka. Kuna siku alilala ameelekea ukutani tangu asubuhi, chai ikapoa kando yake. Wateja walipouliza likizo ilikuwaje, dada alijibu, "Nzuri," akainamia mshono.

Kiangazi kilichofuata dada alikaa kando ya kitanda chake, akamwambia wangeweza kwenda tena, watembee tu, polepole.

"Nenda wewe," Shoti alisema. "Mimi nilishaaga."

Dada hakwenda. Alitoa viti viwili mlangoni, akaanza kufumua gauni kuukuu la mteja. Shoti akamshikia upindo, akiukaza unyooke, mpaka kazi ilipokwisha.