Atomu na Sahani ya Babu

Mwezi uliopita, rafiki yangu, nilikuwa Kyela mjini kwenye harusi ya mtoto wa kaka yangu, nikaona jambo lililonifanya nitazame viatu vyangu. Mshereheshaji aliwaita maharusi wapige picha na wazazi. Bibi harusi, binti mzuri, mcheshi, asiye na kosa lolote, akamshika baba mkwe wake kiunoni, akalaza kichwa begani kwake, akanyoosha simu juu, wakajipiga picha wote wawili wakicheka. Ukumbi mzima ukapiga vigelegele. Kwenye meza yetu, mama yangu, ambaye sasa ni mzee wa kuinuliwa kwenye kiti, alivuta kanga hadi machoni akageukia ukutani. Wajukuu wakamcheka. Mmoja akamuuliza, "Bibi, unamkimbia nani?" Nami niliyejua sababu niliendelea kutafuna pilau.

Ngoja nikueleze, maana pengine wewe si wa kwetu. Kwa Wanyakyusa, zamani isiyo ya mbali sana, mke wa mwana na baba mkwe hawakuonana. Hawakusalimiana, hawakukaa chumba kimoja, hawakupishana njiani. Haukuwa ugomvi. Ilikuwa heshima, na kwa wazee wetu heshima na aibu zilipikwa chungu kimoja. Mama alikuwa ameshatuzaa sisi sote bila kuuona uso wa babu. Babu akitoka kwake alianza kukohoa tangu mlangoni, kikohozi cha kutangaza njia, na mama akikisikia aliacha jembe, akajitosa kwenye mikakao na kuchutama huko hadi fimbo ya babu ipite. Babu alikuwa mzee wa kanisa, anayesoma Biblia bila miwani, lakini desturi hiyo hakuigusa. Alisema Mungu hajamkataza mtu kuwa na haya.

Nyumba yetu ilikuwa karibu na Matema, milima ya Livingstone nyuma yetu na ziwa mbele, harufu ya kakao inayochachuka ikituingia hadi kwenye mashuka. Ya babu ilikuwa ng'ambo ya migomba. Bibi alishafariki, na baba yangu alishinda Kasumulu kwenye malori ya mizigo, akija nyumbani mara mojamoja na mkate na stori za mpakani. Kwa hiyo chakula cha babu alikipika mama, na miguu ya kukipeleka ilikuwa yangu.

Nikumbushe mchele ule na nitalia hapahapa. Mchele wa shamba letu, uliotwangwa kwenye kinu, ukiiva unanukia hadi kwa jirani. Na mbasa aliyetoka ziwani asubuhi, amechemshwa polepole kwenye chungu cha Wakisi, wafinyanzi wa ufukweni, ambacho mama alikigonga kwa kidole mara kadhaa kwenye soko la Lyulilo kabla ya kukubali kukinunua. Nilifunika sahani kwa sahani, nikafunga kitambaa, nikapita kwenye migomba nikiwa nimekaza shingo. Babu aliniita mke wangu, kama babu wote. Alikula, mimi nikicheza na mbwa wake, kisha akanikabidhi vyombo. "Ndaga, mke wangu. Mwambie aliyepika, ndaga fijo." Hiyo ndiyo shukrani, na jina la mama hakulitaja.

Sasa sikiliza. Nikirudi, mama hakuwahi kuniuliza babu yuko vipi. Alichukua sahani, akaifunua, akaitazama. Babu akibakisha kichwa cha samaki, siku iliyofuata alipata mkia. Akibakisha ukoko, mama alijua jino linamsumbua, akampikia ndizi laini zilizopondwa. Wali ukirudi umeliwa upande mmoja tu, mama alisema, "Bega la kulia limerudia tena," na alikuwa amesema kweli, maana mimi nilikuwa nimemwona babu akilisugua kwa mafuta. Siku moja babu alibakisha vyakula vyote vitamu akala tu mboga ya majani aliyoipenda bibi. Mama akafunika tena sahani, akasema, "Amemkumbuka bibi yenu." Nadhani babu naye alimfahamu mama kwa njia hiyohiyo, kwa chumvi iliyozidi siku za huzuni na kwa nazi iliyoongezwa siku baba alipokuja.

Nilipokuwa kidato cha pili tukapata mwalimu mpya wa kemia, kijana kutoka mikoa ya kaskazini, ametoka chuoni karibuni. Walimu wengine waliandika ubaoni tukanakili, shauri yako usipoelewa. Huyu alisimulia. Alisema zamani watu waliamini atomu ni kitu kigumu kisichogawanyika, mfano wa gololi. Kisha Mwingereza mmoja, akipitisha umeme kwenye bomba la kioo lililotolewa hewa, akagundua kwamba humo hutoka chembe ndogo zaidi ya atomu, zenye chaji hasi, ndizo elektroni. Akafikiri basi atomu ni bonge laini la chaji chanya, elektroni zimetapakaa ndani yake. "Nyinyi hapa si mnaponda ndizi na maharage?" mwalimu akauliza. Tukaitikia. "Basi hivyo. Ndizi ni chanya, maharage ni elektroni." Ilikuwa karibu na saa ya chakula, na darasa zima lilipata njaa.

Baadaye mwanafunzi wa yule Mwingereza, mtoto wa mkulima kutoka visiwa vya mbali kusini ya dunia, hakuridhika na ndizi na maharage. Aliwaweka wasaidizi wawili kwenye chumba chenye giza, na mbele yao karatasi ya dhahabu iliyofuliwa ikawa nyembamba kuliko ganda la kitunguu. Wakairushia chembe chanya zinazotoka kwenye madini ya mionzi. Kila chembe iligonga kioo maalumu na kutoa kimwanga kidogo, na kazi yao ilikuwa kukaa humo gizani wakivihesabu vimwanga hivyo mpaka macho yaume. Nyingi zilipita moja kwa moja, kana kwamba dhahabu haipo. Lakini chache, chache mno, zilirudi zilikotoka. "Ni kama umwage maji kwenye tenga," mwalimu akasema, "halafu mengine yakurukie usoni." Basi ndani ya atomu kuna kitu. Ni kidogo sana, ni kizito, kina chaji chanya, na chembe ikikielekea inasukumwa nyuma. Hicho ni kiini. Sehemu nyingine yote ni uwazi mtupu, elektroni zikiwa huko mbali pembezoni.

Ili tuelewe huo uwazi, alitutoa nje, akaweka punje moja ya mchele katikati ya uwanja wa mpira, sisi tukasimama kwenye mistari kama elektroni. Alikuwa hajamaliza kueleza, kuku wa mwalimu mkuu akaja akala kiini. Tulicheka hadi tukakaa chini, naye akacheka nasi.

Tulipotulia akauliza swali ambalo hadi leo nalisikia. "Kiini hicho hakuna jicho lililokiona. Sasa walikijuaje?" Mkono wangu ukapanda wenyewe. Nikasema, "Kama mama anavyomjua babu." Wenzangu wakaangua kicheko, lakini mwalimu akaninyamazishia darasa, akataka nieleze. Nikaeleza yote, mkia wa samaki, ukoko, jino, bega. Nikaeleza kwamba mama hamwoni babu, anatuma tu chakula na kutazama kinachorudi. Mwalimu alinitazama kama mtu aliyeokota kitu njiani. Alisema hajawahi kusikia jibu zuri kuliko hilo, na kichwa changu kikavimba hadi nyumbani.

Nyumbani sikusema. Hapakuwa na cha kuficha, sikuona tu kama ni habari ya kumwambia mtu.

Siku ya wazazi ilikuja mwisho wa muhula. Wazee walikaa uwanjani, mbele, kwenye viti vya darasani, babu kati yao na koti lake la kanisani. Mama alikuja pia, akakaa nyuma kabisa na akina mama, upande wa jikoni, mahali ambapo angeona mgongo wa koti tu, tena kwa bahati mbaya. Nilipata zawadi ya kemia. Mwalimu akashika kipaza sauti. Alikuwa na furaha, maskini, na alikuwa mgeni. Alisimulia dhahabu, chembe, kiini. Kisha akasema, "Na hapahapa kijijini yuko mama ambaye hajawahi kumwona baba mkwe wake, lakini anajua ni jino gani linamuuma." Hakutaja jina. Haikuhitajika. Mimi ndiye niliyesimama pale nimeshika zawadi.

Watu walicheka, kicheko kizuri tu cha sherehe, na vichwa vikageuka, vingine mbele kwa babu na vingine nyuma kwa mama. Mwanamke mmoja akamwambia mama, "Kumbe shoga ulikuwa unachungulia miaka yote hii." Mama alifunika kichwa. Babu hakugeuka. Aliweka mikono yote miwili juu ya fimbo, akakaa hivyo hadi sala ya mwisho. Ziwa lingepanda likanimeza, ningeshukuru.

Mama hakunipiga wala kunigombeza. Aliniuliza jambo moja tu tukiwa njiani. "Hata la jino ulisema?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Haya," na tukaendelea kutembea.

Kesho yake nilipeleka chakula kama kawaida. Babu akanishukuru kama kawaida, "Ndaga, mke wangu." Nilipofika kwetu mama akafunua sahani, na sahani ilikuwa nyeupe. Hakuna mwiba, hakuna punje, hata mchuzi ulikuwa umepanguswa. Nikafurahi, nikasema, "Mama, leo amekula vizuri." Mama aliitazama ile sahani muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akitazama chochote.

Na ikawa hivyo kila siku. Mama akaanza kujaribu. Alimwekea kichwa cha samaki, sahani ikarudi nyeupe. Alizidisha chumvi makusudi, nyeupe. Alimpelekea ukoko mgumu ambao hata mimi ulinishinda, nyeupe. Aliongeza wali, akapunguza wali, akachanganya na maharage mabichi nusu, na kila mara babu alirudisha sahani ambayo ungeweza kujitazama ndani yake. Mama alikuwa anarusha na hakuna kilichorudi. Mimi niliendelea kuona raha ya kubeba vyombo vyepesi. Niliona pia kwamba mbwa wa babu ananenepa, na nikamtania babu kwamba mbwa wake atachumbiwa karibuni. Babu alicheka. Alikuwa ameanza kukaa upande wa kivuli, blanketi mabegani hata jua likiwaka, na mimi nilidhani ni uzee.

Mvua kubwa zilipokuja babu akaanguka. Shangazi alipomvua koti amwogeshe, akapiga ukelele uliosikika kwetu. Alikuwa amebaki mbavu. Koo lilikuwa limekataa chakula kwa muda mrefu, hata uji ulipita kwa shida, na nyuma ya nyumba chini ya migomba wakakuta mahali alipokuwa akifukia chakula ambacho mbwa hakumaliza. Hospitali walisema kwa upole tu kwamba ingefaa aletwe mapema. Babu alipofariki, jirani mmoja msibani akatikisa kichwa akasema mficha maradhi kifo humuumbua, na wote wakaitikia. Nilitamani kusimama niwaambie kwamba hakuwa mficha maradhi. Miaka yote alikuwa akiyasema, kila mchana, na kulikuwa na mtu mmoja wa kuyasikia, mpaka watu walipocheka. Sikusimama. Nilikuwa jikoni naosha sahani za waombolezaji.

Kabla ya kufunga jeneza, shangazi alimfuata mama akamwambia sasa anaruhusiwa, aende amwone mkwe wake hata mara moja. Mama akakataa. Akasema, "Siwezi kumwangalia wakati yeye hawezi kunipisha." Alibaki jikoni, amewapa mgongo, hadi jeneza lilipotolewa.

Yule mwalimu alihamishwa, na hakuwahi kujua. Mimi nilifaulu kemia vizuri, nikasoma, nikapata kazi Dodoma. Jibu langu lilikuwa sahihi, unajua, na hilo ndilo linaloniuma. Wale wa chumba cha giza walipokisema hadharani walichokijua, kiini hakikusikia, hakikuona haya, hakikubadilika. Babu alisikia. Hakuna kitabu kilichonionya kwamba kuna vitu ukitangaza unavyovijua, havitakuambia kitu tena.

Desturi ile imekwisha, na sitakudanganya kwamba naitaka irudi. Ilikuwa mzigo, na mzigo wenyewe aliubeba mwanamke. Lakini ile kazi ya kumtazama mtu kwa anachokiacha, hiyo sijui ilikwenda wapi. Mama anaishi peke yake kule Matema, na kuna binti anayempikia. Kila Jumapili nampigia simu ya video, namwona uso, meno, kanga, hata ukuta wa nyuma. Namuuliza kama anakula. Anasema anakula sana.

Juzi nilimpigia simu yule binti, nikamuuliza mama huwa anabakisha nini. Akasita kidogo, kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu. "Sijawahi kuangalia, dada," akasema. "Mimi nikirudi kuchukua vyombo nakuta ameshaviosha."