Mama Aliyeingilia Mchezo

Kila usiku baada ya sala ya isha, baba yangu alikuwa akisikiliza mchezo uleule wa zamani wa redio, na kila usiku alilalamika. Katika mchezo huo mke anafunga mizigo amtoroke mumewe, naye mume, aliyeaga kwamba anasafiri, anarudi ghafla na kumkuta. Baba aliunasa kwenye kaseti tulipokuwa wadogo. Kinasa sauti chetu hakikuwa na waya wa kukiunganisha na redio, kwa hiyo kiliwekwa mezani mbele ya redio, vikatazamana, nasi tukaamriwa tusikohoe. Tulitii sote isipokuwa mama.

Mama hakuweza kuwasikia watu wenye shida akanyamaza. Aliwasemesha wahusika kama majirani wa ukuta wa pili. Kwenye mkanda ule, nyayo za mume zinapoingia uani, mama anasikika akimwonya mke: "Mwenzangu, yuaja huyo. Yuko mlangoni."

Baba anamnong'oneza, "Hakusikii."

"Atasikiaje nawe wapiga kelele?"

Mama hatunaye tena. Ameacha picha chache, karibu zote amefumba macho, na sauti yake haikubaki popote ila kwenye kaseti hiyo. Baba, mzee aliyestaafu kwenye viwanda vya chumvi vya Gongoni, aliketi nayo kila usiku hapa kwetu Malindi, na ikifika pale alitikisa kichwa: "Siku zote kelele. Mtu hawezi kusikiliza mchezo wake." Mimi, niliyesomeshwa hadi chuo kikuu, niliyeandika insha kadhaa kuhusu yale yanayofichwa ndani ya maneno ya watu, nilielewa kwamba anataka utulivu.

Mkanda nao ulikuwa umeota ukungu. Hewa ya chumvi haichagui. Fundi mmoja karibu na soko aliniambia utazunguka mara moja zaidi, basi. Nikamwomba auingize kwenye kompyuta kisha aondoe kelele. Nilijiona mwana mwema kweli.

Nilipokwenda kuchukua kazi, fundi, ambaye huniita profesa kwa sababu ya miwani tu, alinipokea kwa furaha. "Profesa, kuna mama mmoja alikuwa akiingilia kila mara. Nimemtoa kabisa. Hakubaki hata pumzi."

Nilimuuliza mkanda uko wapi. Ulikuwa umekatika vipandevipande, akautupa. Nakala ya kwanza je? Ameifuta, kompyuta ilikuwa imejaa. Akaongeza kwamba kumtoa yule mama kulimchosha sana, lakini kwa ajili yangu haidhuru.

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikitafuta sentensi ya kumwambia baba. Sentensi ndiyo kazi yangu. Sikupata hata moja, basi baada ya isha nikachomeka flashi aliyonipa fundi kwenye redio ya baba.

Mwanzoni alifurahi. Sauti zilikuwa safi; mpaka nguo za mke zikikunjwa ulizisikia. Kisha nyayo zikaingia uani. Baada ya hapo, kimya. Mlango ukafunguliwa, mke akapiga ukelele.

"Rudisha nyuma," baba akasema.

Nikarudisha. Nyayo, kimya, mlango.

"Hakuna aliyemwambia," baba akasema.

Hapo nikamweleza yote, tangu ukungu hadi kompyuta iliyojaa. Nilingoja anigombeze, ningeshukuru. Aliuliza tu kama fundi alisema lolote kuhusu sauti ya yule mama, ilikuwaje. Nikasema hakusema.

Usiku uliofuata alitaka mchezo tena. Nyayo zilipoingia uani, sijui ni wazimu gani ulionipanda, nikasema mimi: "Mwenzangu, yuaja huyo. Yuko mlangoni." Baba alinigeukia kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba. Hakuniambia kwamba mke yule hanisikii. Hakuniambia nipunguze kelele.

Siku hizi bado nawasha redio baada ya isha. Baba husikiliza mke akifunga mizigo, na nyayo zikisikika tu huinua kidole, nami nazima kabla mlango haujafunguliwa. Tunakaa. Kelele hakuna kabisa.