Mashine ya Gari Bado Inalitaja Jina la Mtoto

Kabla hujaendelea kusoma, nakusihi: haya yabaki hapa hapa. Ukimjua msichana anayefanya kazi Kitengela katika duka la dawa za mifugo, usimuulize kitu, wala usimtazame kwa jicho la kujua. Mhariri wa ukurasa huu amekubali kulificha jina langu. Nami nimelificha jina la mtu mmoja, kwa sababu mtakayoiona.

Nina miaka ishirini na mitatu. Kwetu ni magharibi, lakini nimepanga chumba hapa Kitengela tangu niajiriwe kuwa karani. Gari letu hupeleka dawa na chakula cha mifugo mpaka ndani kabisa ya Kajiado, na wateja walikuwa wakilalamika kwamba mizigo inachelewa. Mwaka jana mkubwa wetu akanituma Nairobi nikachague mashine ya GPS, ile ya kubandikwa kwenye kioo cha mbele. "Wewe umesoma," akasema, "usiniletee takataka."

Nilionyeshwa tatu. Ya kwanza ilikuwa na mshale tu. Ya pili ilisema kata kulia, kata kushoto. Ya tatu ilisoma kwa sauti hata jina la mahali uliloandika mwenyewe, na muuzaji akaniigizia safari nzima pale pale mezani, mashine haijatoka dukani. Nikachukua hiyo. Nilijiona nimechagua vizuri sana.

Safari ya kwanza nilipanda nami ili kuijaribu. Tulipopita Isinya na kuacha lami, ramani ikawa nyeupe. Gari letu lilionekana likielea peke yake.

"Karani," dereva akaniuliza, "ni sisi tumepotea ama ni mashine imepotea?"

Dereva ni Mmaasai, mtu wa makamo, mcheshi. Kama ilivyo desturi, sote tulimwita baba wa fulani, kwa jina la binti yake wa kwanza. Tukaanza kuweka alama kila boma tulilofika, yeye akitaja, mimi nikiandika. Tulipofika kwake akasema, "Hapa andika kwa binti yangu. Nataka kumsikia huyu mzungu wako akimwita." Mashine ikalitaja jina vibaya mno, kwa sauti ya puani. Mama mtoto alicheka mpaka akaketi chini. Binti mwenyewe, wa darasa la tano, akaomba lirudiwe, tukarudia.

Msimu wa mvua uliopita mtoto yule aliugua kifua. Hakumaliza juma.

Siku ya kwenda kuwapa pole, gari liliendeshwa na dereva wa kibarua asiyeijua njia. Nikafungua mashine, nikachagua lile boma, tukaifuata. Sikufikiria lolote. Tuliingia uani vioo vikiwa wazi, wazee wamekaa, akina mama wamemzunguka mama mtoto. Mashine ikasema kwa Kiingereza chake kwamba tumefika, kisha ikalitaja jina, kwa sauti kubwa, ile ile ya puani.

Mzee mmoja alisimama akaondoka. Baadaye dereva wetu, baba mtoto, alinivuta kando. "Kwetu mtoto akienda, jina lake haliitwi tena na watu wa nyumbani. Kuliita ni kumsumbua, na ni kutusumbua sisi. Hata mimi usiniite vile ulikuwa unaniita. Niite dereva."

Nililia njia nzima. Sikujua. Kwetu jina la aliyefariki hupewa mtoto mwingine, na tunaliita kila siku, tukimtuma dukani, tukimgombeza, ndio tusimpoteze yule aliyetutoka.

Dereva, aliyepewa likizo ndefu ya msiba, anarudi kazini Jumatatu. Amemwambia mkubwa kwamba hataingia gari hilo mpaka jina litoke kwenye mashine. Mkubwa akaniambia, "Si ni kubonyeza tu? Bonyeza." Nikajibu ndiyo. Ningebonyeza siku hiyo hiyo, Alhamisi, lakini kabla sijabonyeza akaja mama mtoto.

Alijifanya anataka dawa ya kupe. Akangoja wateja waishe. "Supa, nkerai ai," akanisalimu kwa Kimaasai, akiniita mtoto wake, nami nikaitika, "Ipa, yeiyo," yaani mama. Akainama kwenye kaunta. "Kile kitu cha gari bado kiko?"

Nikakitoa kwenye droo. Nilikuwa nimekibandua garini ili nifute jina. Nikakumbuka muuzaji alivyoigiza safari mezani, nikafanya vivyo hivyo. Gari dogo likatembea kwenye weupe, likafika, na jina likatajwa.

Mama alifumba macho. "Tena," akasema. Nikarudia.

"Nyumbani hakuna mtu anaweza kumwita," akaniambia. "Hata mimi siwezi, mdomo unakataa. Nimeanza kuogopa, ni kama hakuwahi kuwepo. Huyu mzungu hajui desturi yetu, hana makosa. Usimtoe huko, mtoto wangu."

Nikamwambia naweza kumrekodia kwenye simu. Akakataa. Simu yao hushikwa na kila mtu, na baba mtoto akiisikia itakuwa vita. "Wacha akae hapa kwako. Siku ya soko nitakuwa nikipita."

Nisipofuta, nitakuwa nimemdanganya baba aliyefiwa, na akigundua kazi yangu imekwisha. Nikifuta, nitamnyang'anya mama sauti ya mwisho duniani inayomwita mwanawe. Wote wawili nawapenda. Usingizi sina.

Nishaurini wenzangu, hasa ninyi mnaozijua mila za huku: nifanye nini?

Mkinijibu, msipige simu dukani, mkubwa ndiye huipokea nikiwa stoo. Msije pia. Mwandikieni mhariri, juu mweke "Karani wa Kitengela," naye atanifikishia kabla ya Jumatatu. Na kama kuna anayeifahamu familia hii, tafadhali asiliandike jina la mtoto. Andikeni neno moja tu: futa, au acha. Nitaelewa.