Shavu la Kushoto Kanga, la Kulia Ngao

Miaka yote ile Clemensi Tluway alipokuwa akitandika vitanda vya wageni kwenye hoteli ya ukingoni mwa Kreta, lile shimo kubwa la wanyama, mkewe Blandina aliishi peke yake pale Rhotia, wala hakujiita mpweke. Angeupata wapi muda? Alilima, akavuna, akawalea Piusi na Valeria mpaka wakaondoka. Serikali ilipowahamishia watu vijijini, ni yeye aliyebomoa tembe la wakwe zake na kusimamisha nyumba ya bati pale walipoonyeshwa, mume akaja kuikuta imekwisha na moshi unatoka. Clemensi alishuka mara moja kwa mwaka, siku za likizo, uso laini kama wa bwana harusi. Akakaa, akapanda tena.

Upweke ulikuja aliporudi moja kwa moja.

Ilikuwa hivi. Mpaka wa Kenya ulifungwa, magari ya wageni yakakoma kupanda, hoteli ikabaki na wahudumu wengi kuliko wageni, nao wakarudishwa makwao mmoja mmoja. Clemensi alirudi na sanduku la bati, bilauri moja ya hoteli, na mashine yake ya kunyolea, ile ya chuma ambayo ukizungusha mpini inaubana wembe katikati. Akaketi nje ukutani, penye jua. Blandina akangoja aseme. Lakini aseme nini? Ng'ombe hakuwajua majina. Majirani wengine walihamia yeye hayupo. Shamba lake mwenyewe hakujua linaishia wapi. Ukimwuliza, "Baba Piusi, maharage tupande huku au kule?" anajibu, "Unavyoona." Ukimwuliza kama chai imekolea, anajibu, "Imekolea." Jioni walikaa jikoni watu wawili wazima, na kilichozungumza kilikuwa ni moto.

Halafu mwaka mmoja, wakati wa baridi, ukungu umelala mpaka kizingitini, Clemensi aliamka mkono wa kulia hauinuki. Hospitali wakasema amepooza, afanye mazoezi. Mguu ulirudi. Mkono haukurudi. Na Clemensi, ambaye katika maisha yake hakuwahi kuingia kanisani na ndevu, Jumamosi ile alimwita mkewe, akamnyooshea ile mashine kwa mkono wa kushoto.

"Ninyoe."

"Mimi? Mimi nimenyoa vichwa vya watoto tu, Baba Piusi."

"Nitakuelekeza."

Akakaa kwenye kigoda, akafumba macho. Blandina akapaka povu, akaanza, na hapo hapo mzee akafunguka kama mfereji uliozibuliwa.

"Usikandamize. Hiyo siyo jembe. Uache uteleze kwa uzito wake. Ngozi ivute juu na kidole, hivyo. Fuata ndevu zinakoelekea, za shavuni zinashuka, za shingoni zinapanda. Suuza. Sasa sikiliza: wembe ukikata vizuri unasikia kama mtu anatembea kwenye mabua makavu. Usiposikia kitu, hukati, unapapasa tu. Hapo unapapasa, Mama Piusi."

Nusura Blandina aiangushe mashine. Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyoyasikia tangu mume wake arudi.

Kumbe mambo ya nyembe yalikuwa ndiyo elimu ya Clemensi. Wageni wa nchi zote waliziacha kwenye masinki vyumbani, wengine wamezitumia mara moja tu, naye wakati wa kutandika aliziokota na kuzijaribu usoni kwake. Alizijua kama mtu anavyojua watoto wa jirani, huyu mpole, huyu mgomvi, huyu anaanza vizuri halafu anakuharibikia. Majina ya nyembe zenyewe yalikuwa ya Kizungu, yeye aliziita kwa picha zilizokuwa juu ya karatasi. Kanga, yule ndege wa madoadoa, wa karatasi ya kijani, mkali siku ya kwanza, siku ya pili unauma. Ngao, wa karatasi nyeusi, unavuta ndevu kama unazidai, lakini haukukati, na unadumu. Na Tausi, wa karatasi nyeupe. Akifika kwenye Tausi alishusha sauti.

"Ule huusikii ukipita. Unashika shavu, unakuta limekwisha nyolewa."

Basi Jumamosi ikawa ndiyo siku ya Blandina. Siku nyingine zote aliziishi kwa kuingoja. Alijifunza kuuliza.

"Leo nimeweka upi?"

"Kanga."

"Umejuaje na macho umefumba?"

"Unanong'ona. Ngao unakwaruza. Na umeuweka upande, legeza mpini uukaze tena."

Akimaliza, akimfuta kwa kitambaa, mzee anafumbua macho, anasema "Haya," na mlango unafungwa mpaka Jumamosi nyingine.

Ndipo ukaja ule mwaka wa msako wa walanguzi. Wenye maduka walikuwa wakificha hata walichonacho. Sabuni ukiipata unaikata vipande. Wembe ukawa hadithi. Blandina alibakiwa na Ngao mmoja, akaunoa ndani ya bilauri ya hoteli kama alivyofundishwa, akaulaza ukutani mwa kioo, kidole juu yake, kushoto, kulia, bilauri inalia. Akaunoa wiki hii, akaunoa na nyingine. Mwisho wembe ulikuwa bati tu. Clemensi aliushika mkono wa mkewe ukiwa bado shavuni.

"Basi. Usinitoe ngozi. Acha ziote."

Zikaota, nyeupe. Jirani yao Lukresia akapita akacheka. "Shemeji unafuga ndevu kama padri! Sasa sisi tukija kuungama tunakuja kwako?"

Clemensi hakucheka wala hakukasirika. Jumamosi ilipofika alikaa ukutani kama siku nyingine zote, na Blandina alikaa jikoni na mashine mapajani, isiyo na kitu cha kubana. Alipolia, Lukresia alidhani analilia ugonjwa wa mumewe.

"Nataka wembe," Blandina alimwambia.

"Wembe? Unalilia wembe, Mama Piusi?"

"Nalilia wembe."

Lukresia alimtazama, akaona hafanyi mchezo. "Nenda mnadani Karatu. Yuko mama mmoja wa Kimasai anashuka na malori kutoka Arash, anaitwa Naserian, anauza ugoro. Mwambie unataka ugoro wa chini ya kopo. Usiseme wembe, mgambo wana masikio."

Blandina alijitwika maharage yake, yale mekundu aliyoyachagua moja moja, akaenda. Akamkuta Naserian amekaa pembeni mwa ng'ombe, makopo mbele yake, shuka limefunika magoti.

"Ugoro wa chini ya kopo," Blandina alisema.

Naserian alimwangalia kidevuni, akamwita mama kwa Kimasai. "Wa ndevu zako, yeyo?"

"Za mzee."

"Wazee wetu wanazing'oa tu na kikoleo. Hakuna wembe, hakuna sabuni. Mwambie wako ang'oe."

"Wako anang'olewa na nani?"

"Na nafsi yake! Mimi nikimshika kidevu si atakimbilia Loliondo?"

Wakacheka wote wawili. Kisha Naserian akafunua shuka, akafungua kopo lililofichwa chini yake. Chini ya ugoro alikuwa na nyembe za aina zote, moja moja, kila mmoja na karatasi yake, vumbi la ugoro limezijaa. Na pembeni, ndani ya mfuko wa nailoni, pakiti moja nzima ya nyeupe.

Naserian alisema wazi, maharage yale ni ya pakiti au ni ya hizo za mchanganyiko, siyo vyote. Blandina akaufungua Kanga mmoja, akaupitisha juu ya malaika, vile vinywele laini vya mkono wake, akausikia ukinong'ona. Akaugusa Ngao. Halafu akaufungua Tausi, akaupitisha, hakusikia kitu, akaangalia mkono: palikuwa peupe. Hakufikiri tena. Mzee alikuwa ameusema wembe ule kwa sauti ya chini kama mtu anayemtaja marehemu. Nani angemletea mwingine? Akaachia maharage, akaondoka na Tausi kifuani.

Jumamosi ile alichemsha maji mapema. Ndevu zile ndefu alizipunguza kwanza kwa mkasi. Hakumwambia mzee amepata nini, alitaka ajue mwenyewe. Akapaka povu, akaweka wembe, akaanza shavu la kushoto, na masikio yake yote yakiwa mdomoni mwa mumewe. Mashine ikateleza. Akasuuza. Shavu la kulia. Chini ya pua. Shingoni, pale ambapo siku zote hugombezwa. Kimya. Alipomwinua kidevu aone, mzee alikuwa amelala usingizi.

Alipomfuta akaamka, akajishika shavu kwa mkono wa kushoto.

"Tausi," alisema.

"Tausi," Blandina akaitikia, akangoja.

"Haya."

Ikawa ndiyo hivyo. Jumamosi ya pili, kimya. Ya tatu, kimya, mtu ananyolewa vizuri, atalalamikia nini? Blandina alijaribu kumchokoza, "Wauonaje leo?" Akajibu, "Mzuri." Na pakiti ile ilikuwa na nyembe za kutosha kuwafikisha mbali sana. Uso wa Clemensi ukang'aa tena kama zamani, watu kanisani wakamsifu mkewe, na yeye akatembea kurudi nyumbani nyuma ya uso huo laini akijiona amenunua kimya kwa maharage yake mwenyewe.

Mnada uliofuata alirudi kwa Naserian. Akaitoa pakiti kifuani.

"Nibadilishie. Nipe zile za moja moja."

"Zile mbovu?"

"Zile."

Naserian aliipindua pakiti, akatafuta kasoro. "Zimeshika kutu?"

"Hazijashika."

"Zimemkata?"

"Hazikumkata. Hazimsemeshi." Blandina alikuwa mwanamke wa kujivuna, hakupenda kuyatoa ya ndani sokoni, lakini neno lilikuwa limeshatoka. "Wembe ukiwa mbaya anazungumza. Huu mzuri unamnyamazisha."

Naserian hakucheka. Alichota nyembe kwenye ugoro, kijani na nyeusi na nyingine zisizojulikana, akamjazia kiganja. "Wangu anazungumza na ng'ombe," alisema. "Mimi nakaa nyuma ya zizi nasikiliza." Kisha akaurudisha Tausi mmoja. "Huu baki nao. Huwezi kujua."

Jumamosi ilipofika, jua lilikuwa limetoka baada ya ukungu wa asubuhi, na mzee amekaa kigodani macho yamefumbwa. Blandina aliweka Kanga, akanyoa shavu la kushoto. Akafungua mpini, akaweka Ngao, akaanza la kulia.

Clemensi akakunja uso. "Umebadilisha."

"Nimebadilisha nini?"

"Usinifanye mtoto, Mama Piusi. Huku Kanga, huku Ngao. Na huyu Kanga amelala ndani ya ugoro, ananipanda..." Akapiga chafya, povu likaruka mpaka kwenye nguo ya mkewe, Blandina akacheka mpaka akashika ukuta.

"Sasa upi mzuri?"

"Kanga amepita karibu zaidi, lakini utaona kesho, ataacha vipele. Ngao anavuta. Kwa shingo nipe Ngao. Hapana, ngoja, suuza kwanza. Wewe umepata wapi hizi? Tausi zimekwisha?"

Akaendelea hivyo, na Blandina akapunguza mwendo. Kule kucheka kulikuwa kumempa ujasiri. Mashine ikiwa chini ya sikio la mumewe, aliuliza lile ambalo hakuwahi kuliuliza tangu harusi.

"Baba Piusi. Kule juu, miaka yote ile, ulikuwa unanikumbuka?"

Ng'ombe walisikika wakitafuna nyuma ya nyumba.

"Povu linakauka," alisema.

Blandina akapaka povu jingine. Alikuwa haoni vizuri kwa machozi, akasubiri kidogo mpaka akaona, ndipo akaendelea. Akamaliza shavu. Akahamia kidevuni.

"Huo Tausi hukubakiza hata mmoja?" Clemensi aliuliza, macho bado yamefumbwa.

"Umebaki mmoja."

"Kule nilikuwa nikiokota Tausi mzima, ambao mgeni hajaufungua, siutumii. Nauweka ndani ya sanduku kwenye karatasi yake. Mpaka siku ya likizo. Asubuhi ile nanyoa, ndipo nashuka."

Blandina alisimama na mashine hewani. Aliukumbuka uso ule, baridi na laini, unanukia sabuni ya hoteli, ukiinama kuingia kwenye moshi wa jiko lake. Miaka yote alidhani anamringia. Alidhani amejifananisha na wageni wake, anakuja kumwonyesha mke wa shambani jinsi watu walivyo.

"Mbona hukusema?"

"Hukuuliza habari za wembe."

Alitaka kumwambia kwamba mara moja kwa mwaka ni kidogo. Wembe mmoja kwa mwaka! Alitaka kumwambia na kuhusu tembe, na mabati aliyoyabeba, na mambo mengine mengi. Badala yake akautoa Tausi kifuani, karatasi yake nyeupe imechakaa pembeni, akamwekea kwenye kiganja cha kushoto.

Clemensi aliupapasa kwa kidole gumba, akaujua. Akamrudishia.

"Uweke," alisema.

Hakusema uwekwe kwa siku gani, na Blandina hakuuliza. Aliurudisha mahali pake. Nusu ya kidevu ilikuwa bado ina povu. Akaukaza Ngao, ule unaovuta, akauweka chini ya mdomo wa mumewe, akaanza kushusha polepole, akingoja alalamike.