Breki Nyekundu za Ombeni

Ninyi vijana mnaopanda na kushuka mlima huu kwa magari, na ninyi mlio mbali ambao tunawaona Desemba tu, nawaandikia ninyi. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo msitafute maneno makubwa hapa. Nitasema nilichokiona, halafu nitawaambia mfanye nini.

Kuna asubuhi moja hunirudia kila ukungu unapofunika migomba na mimi nikawa nimekaa peke yangu. Sijui kwa nini ni hiyo na si nyingine. Naiona njia ya zamani ya kwetu Uru, nyembamba, udongo umelowa, maji ya mfereji yanajisemea upande wa kushoto. Nina miaka kama kumi na minne. Kichwani nina mkungu wa ndizi wa kupeleka sokoni Kiboriloni, mgongoni nimembeba mdogo wangu Anaeli kwa mbeleko. Miguuni nimevaa katambuga, vile viatu vilivyokatwa kwenye tairi kuukuu la lori.

Nilikuwa na miguu ya nguvu, wanangu. Hakuna msichana wa kijiji chetu aliyeweza kunipita kwenye mlima, na mimi nilijua hivyo, na nilipenda wajue. Bibi yangu alikuwa ameniambia nivue viatu nishuke peku, vidole vishike udongo. Niliona ananitia aibu. Nani anaingia sokoni peku na viatu anavyo?

Kwenye mteremko wa chini ya shamba la kahawa mguu ulianza kwenda bila mimi. Nilikaza kila msuli niliokuwa nao. Mguu ulikaza kweli, ukawa kama mti, na bado ukaendelea kuteremka polepole, kana kwamba ni wa mtu mwingine na mimi nautazama tu. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko kuanguka kwenyewe. Mkungu uliingia mtaroni. Anaeli aligonga jiwe kwa paji la uso, akanyamaza. Alinyamaza muda ambao hata leo sijui ulikuwa mrefu kiasi gani. Halafu akalia, na tangu siku ile sijasikia kilio kilichonifurahisha namna hiyo.

Bibi hakunipiga. Alimwosha mtoto damu kwanza, akamlaza, ndipo akaokota katambuga yangu, akaigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye soli. Ilikuwa laini kama sahani.

"Nguvu unazo," akasema. "Nani amekuuliza habari za nguvu? Wewe umesimama juu ya hiki."

Nami nikakua, nikaolewa, nikazaa, nikazika, na sikudhani kama maneno yale yangekuja kunifaa kwenye mambo ya magari.

Sasa sikilizeni. Mjukuu wangu Ombeni anafanya kazi Dar es Salaam. Mkewe, Neema, alikuja kujifungulia kwangu, na kama ilivyo desturi yetu alikaa ndani miezi mitatu. Kazi yake ilikuwa kunyonyesha, kulala, na kunywa mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, ninaompikia. Jembe hagusi, kuni hagusi. Jumapili moja ya Desemba ndiyo ilikuwa siku ya kutoka: angevaa vizuri, mumewe ampeleke kanisani pale chini, mtoto abatizwe, watu wamwone. Miezi mitatu aliingojea Jumapili hiyo. Mumewe aje amchukue mlangoni kwa gari lake, basi. Hakutaka kingine.

Ombeni akafika Alhamisi. Aliponiamkia shikamoo nikaitikia, hata hajamaliza kunywa chai akanivuta nje nikaone gari. Alichuchumaa kwenye gurudumu la mbele akanionyesha breki mpya, za spoti. Diski pana kama sinia, na kile kinachozibana kimepakwa rangi nyekundu ya kung'aa.

"Nimeziweka kwa ajili ya mtoto, bibi," akasema. "Sasa hivi ukigusa tu, limesimama."

Nilimwona usoni kwamba anasema kweli. Hakuziweka kwa urembo yule. Alikuwa ameogopa, kama baba yeyote mpya anavyoogopa, akatafuta kitu cha kufanya, akafanya hicho. Nikamuuliza, na tairi je?

"Tairi zipo, bibi. Si unaziona, zote nne?"

Nikainama, na mgongo wangu huu, nikaziangalia. Zilikuwa vipara. Nikamwambia mtoto hapandi gari hili. Akasema Dar hazijawahi kumsumbua. Nikamjibu Dar hakuna mteremko wa kwetu wala utelezi wa kwetu. Akakasirika kwa adabu, kama wanavyokasirika wasomi, akaanza kunieleza habari za breki kwa sauti ya kumfundisha mtoto. Neema alikuwa amesimama mlangoni na mtoto kifuani, anatutazama mmoja baada ya mwingine. Macho yake ndiyo yaliyonichoma. Ningeweza kukataa tu, mimi ni mkubwa wa nyumba. Lakini ningemharibia Jumapili yake kwa neno la kizee ambalo hakuna aliyelielewa.

Nikatuma aitwe Baba Joyce, jirani yetu. Yeye kila siku anashuka tambarare na pikapu yake kuukuu kuleta majani ya ng'ombe. Mlango mmoja umefungwa kwa kamba, lakini tairi zake zilikuwa mpya, meno yake unayaona ukiwa mbali. Nikasema kesho tutayapima magari haya mawili.

"Hili langu na lile la majani?" Ombeni akauliza.

"Na lile la majani," Baba Joyce akajibu. "Usiniache sana tu, nitaona aibu."

Kwa hiyo Ijumaa tulikwenda pale barabara inapokuwa sawa karibu na shule. Mvua ilikuwa ile ya manyunyu, haionekani ila inalowesha. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye matawi, na nilisimama na mwavuli nikahisi kama niko asubuhi nyingine kabisa, nangojea kitu ninachokijua tayari. Pembeni kuna isale, ule mmea tunaoupanda kuonyesha mpaka, kwenye shamba la mtu. Nikawaambia, mwendo wenu uwe mmoja, pua ya gari ikifika kwenye isale, kanyaga.

Pikapu ikatangulia. Ilifika kwenye isale, ikalia, nyuma ikacheza kidogo, ikasimama. Nikahesabu hatua zangu kutoka kwenye isale: kumi na nne.

Kisha likaja la Ombeni. Breki zilishika, wanangu, nisiwadanganye. Nilizisikia zinashika mapema kuliko za pikapu. Lakini gari likaendelea kuja. Lilikuja taratibu ndani ya ukungu, karibu bila sauti, likapita pale pikapu iliposimama, na nyuma ya kioo niliuona uso wa Ombeni, uso wa mtu aliyekanyaga kwa nguvu zake zote na hana nyingine ya kuongeza. Nikajikuta nimeshika mgongo wangu kwa mikono miwili, kama nimebeba mtu.

Hatua zangu zilifika ishirini na tatu.

Akaomba arudie. Akarudia. Ikawa vilevile. Aliposhuka hakumtazama mtu, na Baba Joyce, Mungu ambariki, hakucheka.

"Breki inasimamisha gurudumu, mwanangu," akamwambia. "Gari linasimamishwa na pale tairi linapogusa chini. Pakiwa hapashiki, hata ukiweka diski kama mlango wa kanisa ni bure."

Lakini mzee yule ni mwaminifu, akasema na upande wa pili. Kwamba yeye akiteremka kutoka juu na mzigo wa ndizi za sokoni, anakanyaga, anaachia, anakanyaga tena, breki zake ndogo zinapata moto mpaka zinanuka, na pedali inazama kama umekanyaga ugali. Breki kubwa zinavumilia joto hilo muda mrefu zaidi. Akasema akipewa zile nyekundu anazichukua leo. Kwa hiyo Ombeni hakununua uongo. Alinunua kitu chenye kazi yake, akakitegemea kwa kazi isiyo yake.

Jumamosi akashuka Moshi mjini, akarudi na tairi nne mpya. Hakwenda ndani kwa mkewe, alikuja kwangu kwanza. Tukarudi kwenye isale, manyunyu yaleyale. Hatua kumi na tatu. Akanisihi nimhesabie vizuri, maana ni moja pungufu ya pikapu. Hiyo moja ni ya tairi au ya breki? Mimi sijui, na Baba Joyce naye alisema hajui.

Nasaha yangu basi ni hii. Ukitaka gari lisimame haraka, anza chini kabisa, kwenye mpira unaogusa barabara. Uwe na meno, uwe na upepo wa kutosha. Breki zako za kawaida ziwe nzima. Ukishakuwa na hayo, na kama unateremka milima na mizigo kila siku, weka breki kubwa, hakuna atakayekucheka. Na hata hizo usizikanyage mteremko mzima. Acha gia ndogo ilizuie gari. Na mtu anayekupenda akikukataza jambo, mwache akuonyeshe kwa nini, kabla hujamweleza unachojua.

Mungu wa mlima na tambarare awafikishe. Awape safari ndefu zisizo na habari ya kusimulia, na watoto wenu walale njia nzima bila kushtuka.

Jumapili ile Neema alitoka. Nguo nyeupe, mtoto amevikwa kofia niliyoifuma mimi, Ombeni amemshikia mlango. Kilele cha Kibo kilionekana kidogo, mawingu yakakifunika tena. Watu wa nyumba walikuwa wamejazana kwenye gari, wanaimba, wanapiga kelele twende tutachelewa. Nikaketi kiti cha nyuma kando ya mtoto, nikawaambia wote: "Nyamazeni. Ombeni, gia ya pili mpaka kanisani. Mwenye haraka ashuke, atangulie kwa miguu."