Wakili wa Serikali na Kinyozi Mpiga Chuku

Ofisini walimwita Mama Ushahidi, na jina lilimkaa. Ukimwambia nje kuna mvua, alikuwa ananyoosha kwanza mkono dirishani ndipo akuamini. Kwa miaka mingi wakili huyu wa serikali alishtaki wezi wa pikipiki na watu waliopasuana vichwa kwa chupa za bia, na jioni akirudi nyumbani kwa mumewe, mwalimu wa hesabu, hakuna aliyemuuliza kesi imefikia wapi. Alipenda maisha hayo.

Yaliisha siku mkuu wake wa kazi alipomwekea mezani jalada la kifo cha mtangazaji.

Mtangazaji huyo ndiye aliyekuwa akiamsha mji mzima kwa redio kila asubuhi. Walikuwapo wanaume walioitambua sauti yake upesi kuliko za wake zao. Alikutwa nyumbani kwake amenyongwa usiku, na aliyeshtakiwa ni mchumba wake, mkandarasi tajiri, mtu wa ndevu nyingi zilizochongwa vizuri, ambazo mji mzima ulizijua kutoka kwenye mabango ya kampuni yake. Mkandarasi aliruka kimanga. Alisema usiku ule alilala kwake kama mtoto.

Tangu jalada lile limfike mkononi, Mama Ushahidi hakupumua. Muuza magazeti alimpa ushauri wa kisheria pamoja na chenji. Daktari wa meno alimhoji kuhusu kesi huku amemjaza pamba mdomoni, kisha akakasirika kwamba hajibu. Nyumbani ndiko kulikuwa na wakili mkali kuliko wote, mama mkwe wake, ambaye alikwishaamua kwamba mkandarasi hana hatia kwa sababu ana macho ya marehemu kaka yake, na kaka yake hakuwahi kuua hata panya. Mama Ushahidi hakuruhusiwa kuizungumzia kesi nje ya ofisi. Basi kila mlo alikula kimya huku akisomewa utetezi kuanzia supu hadi matunda.

Mtu mmoja tu ndiye ambaye hakumpa ushauri wowote. Mama wa marehemu alikuja ofisini akiwa amevaa viatu vinavyombana, akakaa na mkoba wake magotini, na alipoulizwa kama ana la kusema, alisema lipo moja.

"Kila mtu siku hizi anasema marehemu, marehemu. Mwanangu nilimpa jina. Huko mahakamani, mlitaje."

Mama Ushahidi aliahidi. Mama yule alipotoka, Mama Ushahidi alifunga mlango akalifungua tena jalada.

Maana kesi yenyewe ilikuwa inachechemea. Daktari aliyeuchunguza mwili alisema mtangazaji alipambana na muuaji na kumkwaruza, kwa kuwa chini ya kucha zake kulikuwa na ngozi, ila kidogo mno kuweza kusema ni ya nani. Na mkandarasi alipokamatwa, wiki nyingi baadaye, uso wake ulikuwa laini kama yai. Kati ya kucha zile na uso ule alisimama shahidi mmoja tu, kinyozi. Katika maelezo aliyoandikisha polisi, kinyozi alisema siku mwili ulipokutwa mkandarasi alikuja dukani kwake, akataka ndevu zote ziondolewe, na zilipoondoka kinyozi akaona mikwaruzo mitatu mibichi chini ya taya la kushoto. Akaipaka spiriti. Mteja akaruka. Basi.

Mama Ushahidi alimwita aje wapitie maelezo yake. Kinyozi alitokea amevaa suti mpya, tai nyekundu, na manukato yaliyomtangulia mlangoni, akauliza kama kutakuwa na kamera na kama ni vyema akae upande wa kulia, kwa sababu upande wa kushoto hatoki vizuri. Alipoanza kusimulia, mikwaruzo ilikuwa mitatu. Walipokutana mara ya pili ikawa minne, na mteja alikuwa analengwalenga na machozi. Mama Ushahidi alimwekea maelezo yake mbele ya macho, akamwambia asome, akasoma, akakubali kabisa kwamba ni mitatu na hakuna chozi. Alimsihi ajibu anachoulizwa tu. Kinyozi aliahidi, akaweka na mkono kifuani.

Wiki hiyohiyo karani wa ofisi akaja na habari kwamba kaka yake ametoka kunyolewa kwa kinyozi yule. Duka limefurika, watu wanapanga foleni kukalia kiti alichokalia mkandarasi, na mikwaruzo sasa ni mitano.

Mama Ushahidi hakuwa mtu wa kuamini maneno ya kaka wa karani. Alitaka kunyoosha mkono dirishani. Jumamosi akamwomba mumewe akanyolewe nywele. Mwalimu alisema nywele zake bado fupi. Mkewe akasema si kitu. Mwalimu, aliyeishi na wakili muda wa kutosha kujua swali lipi halina faida, akavaa kofia wakaondoka. Yeye Mama Ushahidi alijitanda mtandio mpana, akavaa miwani nyeusi ya mama mkwe iliyomkaa kama vioo vya lori, akaketi kwenye benchi la ukutani kama mke anayemsubiri mumewe, na kwa kweli ndivyo alivyokuwa.

Hakukawia kusikia. Kinyozi alimfunga mwalimu kitambaa shingoni, akamwuliza kama anajua amekalia kiti gani, na bila kungoja jibu akaanza. Alipiga chuku mpaka mkasi ukasahauliwa hewani. Mkandarasi aliingia akitetemeka. Mkandarasi alijitazama kwenye kioo akaomba msamaha kwa mtu asiyekuwepo. Ndevu zilipoanguka, mikwaruzo ikajitokeza mmoja baada ya mwingine, mpaka mitano. Wateja waliotega masikio benchini waliguna kwa pamoja. Mama Ushahidi aliona kesi yake ikianguka sakafuni na nywele za watu.

Mwalimu wa hesabu hakupenda hadithi ndefu. Ili kuikata, aliuliza swali la kawaida tu, ilikuwa saa ngapi.

Kinyozi alisema saa hakuitazama, ila ndiyo kwanza alikuwa anafungua duka, na redio ilikuwa inapiga muziki mtupu huku ikiomba radhi kwamba mtangazaji wao amechelewa njiani. Alilisema hilo harakaharaka, kama mtu anayevuka dimbwi, apate kurudi kwenye mikwaruzo.

Benchini, miwani ilimshuka Mama Ushahidi mpaka puani. Mkandarasi aliwaambia polisi kwamba alinyoa ndevu kwa uchungu, baada ya kupata habari za msiba, kwani hakuona tena sababu ya kujipamba. Na mwili ulikutwa mchana. Redio ilipokuwa ikiomba radhi, hapakuwa na mtu mjini aliyejua kwamba kuna msiba. Polisi hawakuwahi kuuliza saa. Yeye mwenyewe, Mama Ushahidi, mtu wa kunyoosha mkono dirishani, hakuuliza. Alikuwa amekazana kuhesabu mikwaruzo.

Hakupata nafasi ya kufurahi. Kinyozi alikuwa ameshika wembe, na kwa hamu ya kuonyesha mkwaruzo wa tano ulivyopita, alisema "hivi", akaupitisha. Nusu ya masharubu ya mwalimu ikaanguka kwenye kitambaa. Yalikuwa masharubu ya tangu ujana, yaliyokwenda naye kwenye posa, kwenye harusi na kwenye kila picha iliyotundikwa sebuleni. Mwalimu alijitazama kwenye kioo, akafikiri kidogo, akasema kwa sauti ya chini kwamba hesabu haina budi kusawazishwa pande zote mbili. Nusu ya pili ikaondoka.

Nyumbani mama mkwe alimtazama mwanawe usoni, akashika mdomo, akauliza nani amekufa.

Jumatatu Mama Ushahidi alikwenda kwa mkuu wake akamweleza yote, miwani na mtandio pamoja. Mkuu alimsikiliza akiwa ameshika tama. Alimwuliza kama katika sheria aliyosoma yeye kuna mahali panapomruhusu wakili kumpeleleza shahidi wake mwenyewe. Mama Ushahidi alisema hajapaona. Tena, akasema, alichokisikia ni lazima upande wa utetezi ukijue, mikwaruzo mitano na yote, hata kama kitamnyima usingizi. Mkuu alimwambia angeweza kuuliza tu kwa simu, lakini barua ya kuwaarifu aliisaini siku hiyohiyo. Kisha akaagiza kinyozi achukuliwe maelezo ya ziada juu ya saa, na nakala ikaenda nayo.

Wakili wa utetezi alikuwa mzee mmoja aliyeitwa Joho, kwa sababu alivaa joho lake hata akienda kunywa chai. Kuhusu mikwaruzo alisoma kwa furaha. Kuhusu saa, inaonekana alisoma kwa pupa. Akamwita mwalimu kuwa shahidi wa utetezi.

Hapo ndipo Mama Ushahidi alipotokwa na jasho jembamba. Mumewe atapanda kizimbani kumbomolea kesi, naye haruhusiwi hata kumuuliza nyumbani atasema nini. Walikaa majuma kadhaa wakizungumzia mabomba ya maji na bei ya sare za shule. Mama mkwe, aliyepata mwanawe upande wa utetezi bila kutegemea, alianza kumwekea nyama kubwa kuliko za wengine.

Kabla ya kesi kuanza kusikilizwa, kinyozi alikuja ofisini bila kuitwa, hana tai. Alikuwa amejua yule aliyemnyoa masharubu ni nani. Alisimama mlangoni akizungusha kofia mkononi, akasema amekuja kuomba radhi, na kwamba hata mkewe hasemi naye.

"Dada yangu," alisema, "dukani mtu nikimnyoa kimya hawezi kurudi. Lakini ilikuwa mitatu. Hilo nitalisema nikiamshwa usingizini."

Mama Ushahidi alimjibu kwamba hatamfundisha la kusema. Aseme alichoona, na akiulizwa kama aliwahi kuongeza chumvi, aseme ndiyo.

Kesi ilipoanza, ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mama Ushahidi alifungua kwa kulitaja jina la mtangazaji, lote, jina lake na la baba yake, na hakusema marehemu. Kinyozi alipanda kizimbani akasema mitatu, na kwamba ndiyo kwanza alikuwa anafungua duka. La duka Joho alilipita, akambana kwa mikwaruzo, si kweli kwamba amewaambia watu minne? Kweli. Na mitano? Kweli. Sasa mahakama imwamini yupi? Kinyozi alisema dukani anauza kunyoa na hadithi pamoja, ila hapa ameapa. Watu walicheka, jaji akawanyamazisha, lakini kidogo tu.

Mkandarasi alipojitetea alishikilia palepale, kwamba ndevu alinyoa kwa uchungu wa msiba. Kisha akaitwa mwalimu. Mdomo wake wa juu ulikuwa umeanza kuota vijinywele. Akasema ndiyo, alisikia mitano. Joho akaketi ameridhika. Mkuu wa Mama Ushahidi, aliyepangiwa kumhoji ili mke asimhoji mumewe, akasimama akauliza swali moja, kinyozi alimwambia ilikuwa wakati gani.

Mwalimu alieleza juu ya muziki mtupu na redio iliyoomba radhi. Alieleza taratibu, kama ubaoni, kila hatua kwa zamu yake. Mkandarasi aliinamisha kichwa akaanza kutafuta kitu kwenye viatu vyake. Ukumbi mzima ulikumbuka asubuhi ile, maana wote walikuwa wamefungulia redio.

Jaji alimtia mkandarasi hatiani. Siku ya hukumu mvua ilinyesha sana, na Mama Ushahidi alipotoka alimkuta mama wa mtangazaji kwenye benchi la varanda akisubiri ianuke. Aliketi kando yake. Mama yule alimwuliza tu kama tangu asubuhi ametia kitu tumboni. Mama Ushahidi alisema hajala. Basi mama yule akafungua mkoba, akatoa pakiti ya biskuti, wakala wawili hao bila haraka, wakitazama watu wakikimbilia magari yao huku wamefunika vichwa kwa magazeti.