Sista na Kitanda Changu

Anayetaka kucheka acheke, lakini mimi, seremala wa Laini Saba, niliona njama. Nimepasuliwa utumbo jana tu, na sista wa wodi ananiambia, "Amka utembee, tumbo nalo liamke." Nikajua kuna mtu wake anataka kitanda changu. Nikatembea na mto kwapani.

Halafu kila akipita ananiuliza, "Umetoa hewa?" Jirani yangu wa kitanda cha pili alikubali, akapewa uji, na haikupita muda akarudishwa kwake Kianda. Nikaona hapa mjinga ni anayekubali. Nikakana, huku nimebana mpaka jasho linanitoka.

Jumapili mama mkwe akaja kuniona kutoka Kawangware. Kwetu Waluhya mkwe hapewi mkono, na tangu nioe binti yake hajawahi kunisemesha. Alisimama mlangoni akiangalia ukuta. Sista akanishika kiuno, tukapiga hatua chache, na hewa yote niliyoficha ikatoka kwa mpigo, kama mbao inayopasuka.

Sista akacheka kwa furaha. "Shukuru Mungu, utumbo umefunguka. Mama, umesikia?"

Mama mkwe hakugeuka.

"Nimesikia," akasema.